Tangu Kisu Hadi Leza: Historia ya Upasuaji wa Kuacha Miwani



Vijana wengi wanaovaa miwani, hasa wanafunzi, huuliza: je, ni kweli leza inaweza kumtoa mtu kwenye miwani? Na ipi iliyo bora kati ya PRK, LASIK na SMILE? Jibu halieleweki vizuri bila ya kujua historia yake, kwani kila aina ilizaliwa ili kuziba kasoro ya iliyoitangulia.

Mbele ya jicho kuna utando angavu uitwao konea, wenye unene wa kama nusu milimita tu. Huo ndio unaofanya takriban theluthi mbili ya kazi ya kupinda mwanga. Mbinuko wake usipolingana na urefu wa jicho, mtu huona ukungu. Basi wazo la madaktari likawa: badala ya kuweka lenzi mbele ya jicho, tubadilishe umbo la konea yenyewe.

Zama za kisu

Mwaka 1949 Dkt. José Ignacio Barraquer wa Bogotá, Colombia, aliandika juu ya wazo hilo. Baadaye alikata kipande cha konea, akakigandisha kwa baridi, akakichonga kwa kerezo na kukirudisha jichoni. Miaka ya 1970 Dkt. Svyatoslav Fyodorov wa Moscow akaeneza njia nyingine, ya kuchanja konea kwa kisu mfano wa miale ya jua. Watu wengi walifurahi kuacha miwani. Lakini utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 1994 ulionyesha kuwa ndani ya miaka 10, asilimia 43 ya macho yalisogea kwa dayopta 1 au zaidi kuelekea kasoro ya upande wa pili. Konea zilizochanjwa zilikuwa zimedhoofika.

Leza inaingia

Novemba 1981, katika maabara ya IBM jimboni New York, Rangaswamy Srinivasan, mzaliwa wa India, pamoja na James Wynne na Samuel Blum, walijaribu leza ya eksima kwenye mabaki ya nyama ya bata mzinga. Ilikata vizuri bila ya kuunguza pembeni. Mwaka 1983 Dkt. Stephen Trokel akishirikiana na Srinivasan akaonyesha kuwa inafaa kwa konea. Hapo zikafuata aina tatu:

1. PRK. Dkt. Marguerite McDonald aliifanya Marekani mwaka 1988. Ngozi ya juu ya konea huondolewa, kisha leza huchonga chini yake. Maumivu huwa ya siku kadhaa na kuona hurudi polepole, lakini hufaa zaidi kwa konea nyembamba.

2. LASIK. Karibu na mwaka 1990 Dkt. Ioannis Pallikaris wa Krete, Ugiriki, aliunganisha wazo la Barraquer na leza. Kifuniko chembamba hufunuliwa, leza huchonga, kisha hufunikwa. Wengi huona vizuri kesho yake. Kasoro zake ni macho kuwa makavu, na kifuniko kinaweza kusogea jicho likipigwa.

3. SMILE. Madaktari Walter Sekundo na Marcus Blum wa Ujerumani waliianzisha, ikaingia sokoni mwaka 2011. Leza hukata kipande kidogo ndani ya konea, nacho hutolewa kupitia tundu la milimita chache. Hakuna kifuniko. Imetumika zaidi kwa wasioona mbali.

Tuchague ipi?

Kwa mtu anayefaa, matokeo ya mwisho ya zote tatu hukaribiana sana. Kwa hiyo swali la kwanza si "ipi mpya?" bali "konea yangu ikoje?" Kijana ambaye namba ya miwani yake bado inabadilika asubiri. Mwenye ugonjwa wa konea kuchongoka asifanyiwe, kwani upasuaji unaweza kumharibia zaidi, na ugonjwa huo mara nyingi huanza ujanani. Ndiyo maana kupimwa umbo na unene wa konea ni lazima, hata kama bei inavutia.

Wazee nao wafahamu: leza hizi haziondoi mtoto wa jicho, wala hazizuii kuhitaji miwani ya kusomea baada ya miaka 40.

Baada ya upasuaji maji hayatakiwi kuingia machoni kwa siku kadhaa, yakiwemo ya udhu. Muulize daktari ni siku ngapi, na imamu wako namna ya kujitwaharisha.

Wazazi, mtoto akiambiwa na daktari kuwa hafai, msitafute daktari mwingine atakayekubali haraka. Miwani si aibu. Konea iliyokwisha kuchongwa hairudi ilivyokuwa.

Wabillahi tawfiq.