Jinsi ya kuzoea kidhibiti katika michezo ya kufyatua risasi

MTU aliyezoea kucheza michezo ya kufyatua risasi kwa kompyuta hutaabika anaposhika kidhibiti cha PlayStation au Xbox kwa mara ya kwanza. Shabaha humponyoka, naye adui humwahi. Kiini cha tatizo hilo si uzito wa vidole, bali ni tofauti ya vifaa vyenyewe.

Kipanya hupima umbali. Mkono ukisogea kidogo, mhusika hugeuka kidogo, na ukitulia naye hutulia. Kijiti cha kidhibiti, kwa upande mwingine, huamua kasi. Kadiri kinavyoinamishwa ndivyo mhusika anavyogeuka upesi, na huendelea kugeuka hadi kijiti kirejee katikati. Isitoshe, kipanya huongozwa na mkono mzima ilhali kijiti huachiwa kidole gumba pekee.

Mpangilio wa kisasa, ambapo kijiti cha kushoto humtembeza mhusika na cha kulia humgeuza, ulichukua muda kukubalika. GoldenEye 007, uliotolewa mwaka wa 1997, ulichezwa kwa kidhibiti cha Nintendo 64 chenye kijiti kimoja. Alien Resurrection wa PlayStation ulipotumia vijiti viwili mwaka wa 2000, mpangilio huo ulikosolewa. Mwaka mmoja baadaye, Halo: Combat Evolved wa Xbox ulichangia pakubwa kuufanya uwe wa kawaida.

Ili kufidia udhaifu wa kijiti, waundaji wa michezo mingi huweka msaada wa kulenga: alama ya shabaha hupungua kasi inapompitia adui. Katika michezo inayowakutanisha watumiaji wa kompyuta na wa vidhibiti, kama vile Fortnite, msaada huo umezua ubishi mkali, baadhi ya wanaotumia kipanya wakidai ni upendeleo.

Anayeanza anafaa kwanza kupunguza kasi ya kijiti katika mipangilio. Hapa, mwenda pole hajikwai. Pili, achunguze eneo mfu, yaani sehemu ya katikati ambapo kijiti kikiguswa hakuna kinachotendeka. Likiwa pana mno, mhusika huchelewa kuitikia. Likiwa finyu mno, kijiti kilichochakaa humfanya ageuke bila kuguswa.

Tatu, asitegemee kidole cha kulia pekee. Alama ikikaribia adui, kusogea hatua moja kando kwa kijiti cha kushoto huikamilisha shabaha vyema kuliko kuhangaika na cha kulia. Vilevile, aelekeze bunduki mapema pale adui anapotarajiwa kutokea, katika kimo cha kichwa, ili abaki na masahihisho madogo tu.

Hatimaye, afanye mazoezi dhidi ya maadui wanaoendeshwa na mashine kabla ya kuwakabili wachezaji wa intaneti. Muhimu zaidi, asibadilishe mipangilio kila anaposhindwa, kwani kidole gumba hakiwezi kukariri kasi inayogeuka kila siku.