Orodha Isiyomjua Mjomba

Baba yangu mdogo amestaafu bila kuwahi kuandika barua hata moja ya kuomba kazi. Alimaliza shahada ya biashara pale Mlimani mwanzoni mwa miaka ya 1980, akapewa barua inayomtaka aripoti kwenye shirika moja la umma mkoani Mtwara, akaenda. Ukimuuliza ilikuwaje, anajibu kwa neno moja: "Nilipangiwa." Ukimuuliza alipangiwa na nani, anakuangalia kama vile umemuuliza ni nani aliyepanga masika yaanze Machi.

Mimi nina shahada kama yake, kutoka chuo kingine, zaidi ya miaka 30 baadaye. Barua zangu za maombi ya kazi zimejaa kwenye kompyuta, zimegawanywa kwa miaka. Kwa kizazi changu neno kupangiwa limebaki kwa walimu na watumishi wa afya, wanaosubiri kuona majina yao na vituo vyao. Mtu wa biashara hapangiwi. Anajitafutia. Nilitaka kujua mambo haya yaligeuka lini, na ni nani aliyeamua.

Yalianza kwa hesabu. Mwalimu Nyerere alizoea kusimulia kwamba Waingereza walipoondoka waliacha wahandisi wawili na madaktari 12. Chuo kikuu kilifunguliwa Oktoba 1961 na wanafunzi wa sheria wasiofika 20, ndani ya jengo la TANU kwenye mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Biashara haikufundishwa pale. Katika mgawanyo wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu kuanzia 1963 hadi 1970, sheria ilikuwa Dar es Salaam, udaktari ulikuwa Makerere, na uhandisi na biashara vilikuwa Nairobi. Mtanzania aliyetaka shahada ya biashara aliifuata Kenya. Nyumbani kulikuwa na Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilichoanza 1965 kwa masomo ya ngazi ya chini ya shahada.

Mwaka 1962 serikali ilimpa mtaalamu wa kigeni, George Tobias, kazi ya kukadiria ni wataalamu wangapi wa ngazi ya juu watakaohitajika hadi 1967, na wangapi wapo. Kisha ukaja Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, ulioanza 1964. Ulitaja mambo matatu makubwa ya kufikiwa ifikapo 1980: kipato cha mwananchi kipande, watu waishi hadi miaka 50, na nchi ijitosheleze kwa wataalamu wake yenyewe. Hebu litazame hilo la tatu na majirani zake. Mhitimu aliwekwa mstari mmoja na umri wa kuishi.

Serikali ikalipia masomo, na mwanafunzi naye akafungwa na ahadi ya kuitumikia nchi kwa miaka kadhaa, mahali itakapomweka. Ndiyo maana kwenye simulizi za wazee wa Mlimani sisikii habari za ofisi ya ushauri wa ajira, wala za waajiri kuja na mabango. Ofisi ya ajira ilikuwa serikali nzima. Swali la "utafanya nini ukimaliza" lilikuwa limeshajibiwa na jedwali fulani kabla mwanafunzi hajakaa darasani.

Wapo waliolikataa jibu hilo. Mwaka 1966 serikali ilitangaza kwamba wahitimu wote wa vyuo vikuu na wanafunzi waliomaliza kidato cha sita wataingia Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima, kwa miaka miwili. Sehemu ya kwanza wangekaa kambini; muda uliobaki wangefanya kazi zao za kawaida huku wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wakavaa majoho yao mekundu, wakaandamana hadi Ikulu. Bango lao lililokumbukwa kuliko yote lilidai kwamba hali ilikuwa afadhali wakati wa ukoloni.

Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawaka. Alizungumzia mishahara: yao waliyoitarajia, ya mawaziri, na wake mwenyewe wa shilingi 5,000 kwa mwezi, ambao aliupunguza kwa asilimia 20 palepale. Halafu akawafukuza chuo. Walikuwa karibu 400. Wengi waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata.

Tukio hili tumezoea kufundishwa kama hadithi ya vijana waliodekezwa na kiongozi aliyewakanya. Mimi, mwenye faili la barua zisizojibiwa, nalisoma kwa namna nyingine kidogo. Ni mabishano ya kwanza makubwa nchini kuhusu thamani ya shahada, na pande zote mbili zilikubaliana juu ya jambo moja: kwamba kazi ipo. Waligombania mshahara na masharti. Hakuna aliyesimama mbele ya Ikulu kuuliza kama ataajiriwa.

Miezi mitatu na ushee baadaye likaja Azimio la Arusha. Benki zikataifishwa Februari 1967, ikaundwa NBC. Biashara ya jumla, usagishaji, bima na viwanda vikafuata njia hiyo, na kufikia miaka ya 1980 mashirika ya umma yalikuwa takriban 400. Kila shirika lilihitaji mtu wa kufunga hesabu. Hapo ndipo penye kinaya ninachokipenda katika historia hii: ujamaa uliiogopa biashara, lakini ndio uliowatafuta wasomi wa biashara kwa udi na uvumba. Mwaka 1972 pekee vilianzishwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Chuo cha Uongozi wa Maendeleo kule Mzumbe, na bodi ya wahasibu, NBAA, ambayo mitihani yake inawanyima watu usingizi mpaka leo. Mwaka 1979 Mlimani ikapata Kitivo cha Biashara na Menejimenti.

Njia ya kuingia nayo ililindwa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba mtu asitoke sekondari moja kwa moja kwenda chuo kikuu. Kwanza afanye kazi, kisha apate mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Kwa hiyo darasa la biashara la enzi hizo lilikuwa na watu waliokwisha kukaa ofisini na kujua daftari la hesabu linavyonuka. Leo tunakwenda PT wiki chache, tunapiga fotokopi, tunagongewa muhuri.

Baba mdogo aliripoti Mtwara katika miaka ileile ambayo Sheria ya Nguvukazi ya 1983 iliwafanya vijana wasio na kazi wakamatwe mitaani Dar es Salaam na kurudishwa mashambani. Nchi ilikuwa imewapanga wote wawili, kila mmoja kwa namna yake: mwenye shahada kwa barua, asiye nayo kwa lori.

Sitaki kuipamba orodha ile. Iliwatenga watu na wachumba wao. Iliwapeleka waliopenda kufundisha wakahesabu magunia. Mapendekezo ya chama yalimpa katibu wa tawi nguvu juu ya maisha ya kijana ambaye pengine alimjibu vibaya kikaoni. Na baba mdogo anasema wazi kwamba aliyekuwa na mtu wake aliweza kubadilishiwa mkoa. Lakini kubadilishiwa mkoa ni jambo moja, na kupata kazi ni jambo jingine. Yeye ni mtoto wa mkulima wa mihogo. Nyumbani kwao hakuna aliyewahi kukanyaga benki, achilia mbali kumjua meneja wake. Jina lake liliwekwa kwenye orodha kwa sababu alifaulu, basi. Orodha ile haikuuliza mjomba wako ni nani.

Nilitafuta siku ilipokufa. Nilitarajia kukuta hotuba au tangazo, kama lilivyotangazwa Azimio. Sijakutana na siku kama hiyo. Ilikufa kama kisima kinavyokauka. Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na matumizi yakaanza kubanwa. Sheria ya 1991 ilifungua mlango kwa benki binafsi. Mwaka 1992 ikaundwa tume ya kurekebisha mashirika ya umma, PSRC, na yale mashirika 400 yakaanza kuuzwa, kufungwa au kuunganishwa. NBC yenyewe ikagawanywa mwaka 1997. Maelfu ya watumishi wa serikali walipunguzwa kazini, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 uhakika wa mhitimu kupewa kazi ulikuwa umekwisha. Huwezi kumpangia mtu kwenye shirika lililo mnadani.

Nafasi iliyoachwa ilijazwa polepole na kwa vipande. Serikali ikaunda wakala wa huduma za ajira, halafu Sekretarieti ya Ajira kwa kazi za utumishi wa umma. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005. Sasa mwanafunzi anadaiwa fedha badala ya miaka ya utumishi, na anayedaiwa fedha lazima alipe hata kama hana pa kuzitoa. Kitivo cha Mlimani kiligeuka Shule Kuu ya Biashara mwaka 2008. Vyuo vikuu vikawa makumi. Juni 2014 waombaji zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji, na picha za majukwaa yale, watu wamevaa nguo za ofisini kwenye viti vya mashabiki, zilizunguka nchi nzima.

Chuoni kwetu tulikuwa na siku ya ajira, mara moja kwa mwaka. Mahema meupe, muziki, fulana, kalamu zenye nembo. Mwaka wangu wa mwisho mtoa mada alitufundisha kuandika CV ya kurasa mbili na kukaza mkono wakati wa kusalimiana. Hayo si ya kudharau. Wapo wenzangu ambao hawakuwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba barua pepe ya mtu mzima haianzi na "sweetboy". Lakini mwanafunzi mmoja wa nyuma aliuliza: kati ya waliomaliza mwaka jana, wangapi wamepata kazi, na wapi? Mtoa mada alitazama upande wa meza kuu. Meza kuu ikatazamana. Tukaambiwa muda hautoshi, twende tukapate soda.

Naifikiria ile meza kuu kuliko nafasi zote nilizozikosa. Serikali ya 1964, maskini wa kutupwa, ilikuwa na mtu aliyelipwa kujua kila mhitimu amekwenda wapi. Kukomesha kuwapangia watu kulikuwa na sababu zake. Sababu ya kuacha kuwahesabu sijaiona. Na pasipo hesabu, kinachobaki ni kujuana: nafasi inasikika kwanza sebuleni, halafu kwenye kundi la WhatsApp la familia fulani, na ikifika kwenye tangazo imeshakuwa na mwenyewe.

Kwenye kundi la darasa letu, msichana aliyekuwa kiongozi wa darasa alianzisha jedwali wiki tuliyomaliza mitihani. Lina majina 87. Safu ya pili ni mahali mtu alipo, ya tatu ni kazi anayofanya, ya nne ni namna alivyoipata. Wengi safu ya pili wameijaza: Kahama, Tunduma, Muscat, Kariakoo. Kwenye ya tatu kuna mkopeshaji, wakala wa simu, mwalimu wa tuisheni, mhasibu, na mmoja aliyeandika "kuku 300". Hiyo ya nne ndiyo yenye mapengo. Kila Januari anatukumbusha tuijaze, na kila Januari watu wanajibu kwa kidole gumba.