Muktadha: Programu Inayosoma Hali

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, wafanyakazi walivaa beji iliyorusha mwali usioonekana kila baada ya sekunde 15 hivi. Vipokezi vya vyumbani viliudaka, na mpokea simu akitazama kompyuta yake alijua mpigaji aunganishwe na chumba gani. Mwaka 1994 Bill Schilit na Marvin Theimer wakalifafanua wazo hilo: programu inayojirekebisha kufuatana na mahali ilipo, watu na vitu vilivyo karibu, na namna hayo yanavyobadilika.

Kwa Kiswahili tuiiteje? Mtu anaweza kusema "programu inayotambua mazingira". Lakini mazingira limeshabebeshwa misitu, taka na tabianchi, tena linaishia kwenye kilichotuzunguka. Mimi nalishikilia neno muktadha. Asili yake ni Kiarabu, muqtada, kile kinachotakiwa. Wanaosoma balagha, yaani elimu ya ufasaha wa Kiarabu, hufundishwa kwamba usemi fasaha ni ule unaolingana na muktadha wa hali, yaani unaoitikia kile ambacho hali inadai. (Waarabu wa leo, kwa maana yetu ya kawaida ya muktadha, husema siyaq.)

Maana hiyo ya kale inamfaa sana mbunifu wa programu. Ukiweka simu sikioni, kihisi kinaona kuna kitu karibu. Kioo kinazimika ili shavu lisibonyeze vitufe. Kuona ukaribu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua kwamba ukaribu huo unadai kioo kizimwe. Ndiyo maana kitenzi "kutambua" pekee hakinitoshi. Napendekeza "programu iendanayo na muktadha": itambue, kisha ifuate.

Ugumu uko pale hali inapodai jambo lisilopimika kwa kihisi. Mswahili akiiambia simu "nikumbushe saa mbili", hesabu yake inaanza na mapambazuko au machweo; kwenye saa ya tarakimu anataka 8:00. Programu ikiandika 2:00 itakuwa imesikia kila neno na kukosa muktadha, hata kama inajua jiji, mtaa na lugha iliyochaguliwa. Na ikishajua kuwa ni 8:00, bado haijajua ni ya asubuhi au ya usiku. Hapo ifanye kile ambacho jirani yeyote angefanya: iulize.