Ubanaji wa video

Ubanaji wa video ni njia ya kupunguza ukubwa wa faili la video kwa kuacha taarifa ambazo jicho haliwezi kuzigundua kwa urahisi. Kodeki inayotumika sana, H.264 (2003), hutunza picha moja kamili, kisha kwa picha zinazofuata hutunza mabadiliko tu.

Ukubwa wa faili ni kasi ya biti mara muda. Video ya harusi ya saa 2 iliyohaririwa Kibaha au Kisarawe, mkoani Pwani, kwa megabiti 8 kwa sekunde hufikia gigabaiti 7.2 bila sauti. Flashi yenye mfumo wa FAT32 huikataa, kwa kuwa haipokei faili linalozidi gigabaiti 4, hata kama ina nafasi tele. Wengi hudhani flashi ni mbovu. Inaweza kufomatiwa upya kwa exFAT (vilivyomo hufutika), lakini baadhi ya runinga haziisomi. Afadhali kushusha kasi hadi megabiti 4, yaani gigabaiti 3.6.

Kazi hiyo hufanywa kutoka faili la awali. Nakala iliyopitia WhatsApp imekwisha kubanwa, na kilichopotea hakirudishwi kwa kuongeza kasi ya biti.