Uingereza: Nywele kama ushahidi wa unywaji pombe

Katika mashauri ya malezi ya watoto nchini Uingereza, mzazi anayedaiwa kulewa kupindukia huweza kupimwa nywele. Maabara hutafuta ethili glukuronidi, kemikali ambayo mwili huitengeneza baada ya kunywa pombe. Kwa kuwa nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, sentimita 3 zilizo karibu na ngozi hueleza miezi 3 iliyopita. Pikogramu 30 au zaidi katika kila miligramu ya nywele huashiria unywaji uliokithiri. Hata hivyo, dawa za kuondoa rangi ya nywele hupunguza kiwango hicho. Mwaka 2010, Mahakama Kuu ilisisitiza kuwa kipimo hicho kizingatiwe pamoja na ushahidi mwingine, si peke yake.