Tarakimu ya Mwisho

Mwalimu hufundisha wengine kusoma, lakini si kila kilichoandikwa mwalimu hukisoma. Jambo hili nilifunzwa na keekee ya umeme iliyoungua mwaka 1994, nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu.

Keekee ile tuliletewa na rafiki wa chuo kutoka Uingereza. Waya wake ulikuwa na plagi ya manjano ya mviringo, ambayo haikuingia katika soketi zetu. Mkufunzi wa kazi za mikono alinijia akasema, “Mkuu, namba ya mashine hii haiishii kama ya ile tuliyo nayo. Tuulize kwanza.” Nikamjibu kwamba mashine ni mashine, na Uingereza na sisi tunatumia plagi za aina moja. Nikaagiza ya manjano ikatwe, ifungwe yetu ya pini tatu. Siku ya kwanza mbele ya wanachuo, keekee ililia kwa kasi ya ajabu, ikatoa moshi, ikanyamaza. Mimi, kwa hasira, nilimwandikia mkufunzi yule barua ya onyo kwa kuharibu mali ya chuo.

Nilikuja kuelewa baada ya kustaafu, nilipokwenda Kariakoo kununua keekee yangu mwenyewe. Kijana wa duka aligeuza boksi, akaniuliza, “Mzee, unatazama jina tu, au umetazama na mwisho wa namba?” Swali lile lilinirudisha karakanani, na tangu hapo nikaanza kuitafuta historia ya jambo hili.

Chanzo chake ni cha zamani. Mwaka 1882 Thomas Edison alianza kuuza umeme mjini New York kwa volti 110 hivi, kiasi kilichozifaa taa zake. Marekani imebaki karibu na hapo hadi leo: volti 120, mizunguko 60 kwa sekunde. Berlin nako, mwaka 1899, kampuni ya umeme ya mji iliamua kupanda hadi volti 220, kwa sababu nyaya zilezile zingeweza kupitisha nguvu nyingi zaidi. Ulaya ikafuata njia hiyo, nasi tukaipokea kupitia wakoloni. Japani ilinunua mitambo ya Ujerumani upande wa Tokyo na ya Marekani upande wa Osaka; kwa hiyo mpaka leo nchi hiyo moja ina mizunguko 50 mashariki na 60 magharibi.

Keekee ilizaliwa katikati ya mgawanyiko huo. Kampuni ya Fein ya Stuttgart ilitengeneza keekee ya umeme ya mkono mwaka 1895. Mwaka 1917 Black & Decker wa Marekani walipata hataza ya ile yenye mpini na kifyatulio kama bastola, nayo ndiyo mama wa hizi tunazozijua. Kiwanda kilichotaka kuuza nchi nyingi kililazimika kusuka mota ileile kwa namna mbalimbali na kuzitofautisha kwa namba. Mwanzo wa namba hutaja aina ya mashine. Mwisho wake mara nyingi hutaja soko. Kwa mfano, Makita huko Uingereza huandika mkwaju na 1 kwa mashine ya volti 110, na mkwaju na 2 kwa ya volti 240. DeWalt huongeza herufi mwishoni: GB ni Uingereza, XE ni Australia.

Kwa nini Uingereza, yenye volti kama zetu, iwe na mashine za 110? Kwenye maeneo ya ujenzi huko, umeme hupitishwa kwanza katika transfoma inayoupunguza, ili fundi akigusa waya ulio wazi apate volti 55 tu kuelekea ardhini. Plagi ya manjano ni alama ya umeme huo. Ile niliyoamuru ikatwe ilikuwa imewekwa makusudi ili isiingie katika soketi kama zetu! Na mota ikipewa volti maradufu, joto lake haliongezeki maradufu. Laweza kukaribia mara nne.

Hata mashine za betri zina mtego wake. DeWalt huiita betri yake volti 20 Marekani, na volti 18 Ulaya, ingawa nguvu ni ileile: ya kwanza ni kipimo cha betri iliyojaa pomoni, ya pili ni kipimo cha kawaida. Cha kuchunguza hapo ni chaja. Kwa hiyo, msomaji, ukiagiza kutoka ng'ambo, usiridhike na jina. Omba usomewe namba yote, kisha volti na mizunguko kwenye kibandiko cha mashine yenyewe.

Mwaka uliofuata nilimtafuta mkufunzi wangu kijijini kwake. Nikamwambia, “Mwalimu mwenzangu, wewe uliisoma namba, mimi nikakataa kusoma. Nilikukosea.” Alinyamaza kitambo, akasema barua ile ilimchelewesha kupanda cheo kwa miaka miwili. Kisha akaagiza chai. Tuliinywa pamoja, lakini miaka ile miwili sikuwa na namna ya kumrudishia.