Bima ya boti: baridi ya London ilifikaje Tanga?

Kwetu Bulwa ni milimani, Usambara Mashariki, kwenye chai na ukungu. Bahari tunaisikia kwa wanaoshuka Muheza na Tanga kutafuta maisha. Lakini shehena ya chai inapouzwa nje ya nchi, kwa kawaida hukatiwa bima ya baharini, na bima hiyo huweza kuanza kazi tangu mzigo unapotoka ghalani, kabla haujaona hata tone la maji ya chumvi. Mwambie mzee wa Bulwa kwamba majani aliyochuma jana yana bima ya bahari, atakucheka. Hiyo ngalawa ya shemeji yake kule Kigombe, inayolala baharini kila siku, haina.

Nimeanza na chai makusudi. Karatasi inayolinda chai na karatasi inayolinda boti za starehe pale Ras Kazone ni ndugu wa ukoo mmoja. Na siku hizi boti za starehe si za Wazungu wa Yacht Club peke yao. Vijana wanne watano wenye kazi zao wanachanga, wananunua boti ya faiba na mashine ya nyuma, Jumamosi wanakwenda Maziwe au kisiwa cha Toten. Walioko Dar wana Bongoyo na Mbudya. Wanakata bima, karatasi inaingia kwenye droo, basi. Hawaisomi. Siwalaumu, maana imeandikwa kwa lugha inayochosha. Ila ukijua historia yake utaona kila sentensi ina kesi nyuma yake, na baadhi ya kesi hizo zinaweza kukuacha mikono mitupu.

Haya, turudi nyuma kidogo.

Kabla ya bima watu wa bahari walikuwa na njia nyingine mbili. Ya kwanza ni kutosa. Chombo kikielemewa na dhoruba, mzigo unatoswa ili kiokoke, na hasara inagawanywa kwa wote waliokuwa na mali humo, si yule tu ambaye magunia yake yalitupwa. Waroma waliiandika kanuni hii wakiita sheria ya Rhodes, na hadi leo meli kubwa zinaitumia. Ya pili ni mkopo wa bahari: tajiri anakukopesha kwa ajili ya safari, chombo kikifika unalipa na faida kubwa, kikizama deni linazama nacho. Mahakama za Athens zilikuwa zikisikiliza kesi za mikopo hiyo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita.

Kwetu pwani kitu kilichokuwa karibu na bima kilikuwa mgawo na deni. Baharia wa Australia, Alan Villiers, alisafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, wakafika Zanzibar, wakaingia Rufiji kupakia boriti. Anaeleza kwamba mabaharia hawakuwa na mshahara, walipata mafungu ya faida, na manahodha wenyewe walikuwa wamefungwa na madeni ya matajiri. Safari ikiharibika, anayeumia zaidi ni wa chini kabisa. Naomba ulikumbuke hilo, maana mgawo wa namna hiyo haujaisha pwani yetu.

Sasa London. Mnamo mwaka 1688 bwana Edward Lloyd alikuwa na mgahawa wa kahawa katika mtaa wa Tower. Wenye meli, manahodha na wafanyabiashara walikuwa wakikutana pale kupeana habari za bahari. Mwenye meli anapitisha karatasi, matajiri wanaandika majina yao chini yake na kiasi ambacho kila mmoja yuko tayari kubeba. Ndiyo asili ya Lloyd's. Mwaka 1779 wakakubaliana juu ya hati moja ya mfano, na hati hiyo, pamoja na Kiingereza chake cha kizee, ilidumu hadi miaka ya 1980. Zaidi ya miaka 200! Hata kanga hazina umri huo.

Ngoja nikupe kesi mbili za wakati huo. Zote zilifika mbele ya jaji mmoja, Lord Mansfield, na zote zinahusu Afrika.

Ya kwanza ni ya meli Zong. Mwaka 1781 mabaharia wake waliwatosa baharini Waafrika zaidi ya 130 waliokuwa wakipelekwa utumwani, kisha wenye meli wakadai bima, pauni 30 kwa kila mtu, kwa hoja kwamba maji ya kunywa yalikuwa yanakwisha na ilibidi mzigo utoswe. Ile kanuni ya kugawana hasara niliyoisifu hapo juu ikatumiwa hivyo. Baraza la wazee wa mahakama liliwapa wenye meli ushindi. Mwaka 1783 Mansfield na wenzake wakaamua kesi isikilizwe upya. Kesi yenyewe ilikuwa ya bima. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji.

Ya pili haina damu nyingi, lakini ndiyo inayomhusu moja kwa moja mwenye boti wa leo. Meli Juno ilikatiwa bima kwa safari ya kutoka Afrika kwenda visiwa vya Karibi, na pembeni ya hati pakaandikwa kwamba iliondoka Liverpool ikiwa na watu 50 au zaidi. Kweli yake ni kwamba iliondoka na watu 46. Saa chache baadaye, pale Anglesey, ikaongeza 6, wakawa 52. Kipande hicho kifupi meli haikupata hata mkwaruzo. Baadaye sana ikatekwa na adui, kwa sababu isiyohusiana kabisa na idadi ya watu walioondoka Liverpool. Mwaka 1786 mahakama ikasema: uliahidi 50, ulitoka na 46, bima imekufa. Haijalishi kwamba ulirekebisha, wala kwamba kosa halikuleta hasara. Ahadi ni ahadi.

Mwaka 1906 Uingereza ikaiweka kanuni hiyo kwenye Sheria ya Bima ya Baharini. Ahadi ya aina hii lazima itimizwe kama ilivyo, iwe ni ya maana au ni ya kipuuzi. Ukiivunja, kampuni haiwajibiki tena kuanzia siku hiyo, hata kama ulirekebisha kabla ya ajali. Sheria hiyohiyo inasema, kwa bima ya muda kama ya mwaka mmoja, ukikiachia chombo kwenda baharini huku ukijua ni kibovu, hasara iliyotokana na ubovu huo ni yako. Tazama hilo neno "ukijua". Ujumbe wa simu kwa mwenzako kwamba "pampu ya maji imekufa lakini twende tu" ni ushahidi tosha.

Waingereza wenyewe walichoka. Sheria yao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Agosti 2016, ilibadilisha mambo: ukivunja ahadi bima inasimama kwa muda, ukirekebisha inarudi. Juno ya leo ingelipwa. Lakini sisi? Kenya ilitunga Sheria yake ya Bima ya Baharini mwaka 1968, ikiifuata kwa karibu ile ya 1906. Tanzania mlango wetu wa kupokea sheria za jumla za Uingereza ulifungwa tarehe 22 Julai 1920. Ya 1906 iko ndani ya mlango, ya 2015 imebaki nje. Na hapa kuna kichekesho. Hati nyingi za boti zina mstari unaosema zinafuata sheria na desturi za Uingereza. Mtu mwenye uchungu na ukoloni atataka ufutwe. Kumbe mstari huo ndio ambao wakili wako anaweza kuung'ang'ania akidai unufaike na mabadiliko ya 2015.

Historia ya kampuni zenyewe nchini nitaipitia mbio. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963 serikali ikiwa na ubia na kampuni za kigeni. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 likawa la umma lote na mlango pekee wa bima Tanzania Bara, Zanzibar ikapata shirika lake mwaka 1969. Sheria ya mwaka 1996 ikafungua soko kwa watu binafsi, na ya mwaka 2009 ikaunda mamlaka ya usimamizi, TIRA. Milango ikawa mingi. Maneno ya hati za boti, hata hivyo, yaliendelea kutoka chungu kilekile cha London.

Mfano mashuhuri ni masharti ya boti za starehe yaliyotolewa London tarehe 1 Novemba 1985. Ukiyasoma ukiwa Tanga unajikuta unacheka peke yako. Yanaugawa mwaka: miezi ambayo boti iko kazini na miezi ambayo imepandishwa na kupumzishwa. Hiyo ni baridi ya Uingereza, jamani! Mwenye boti wa kule anaipandisha nchi kavu wakati wa baridi na kungoja jua. Tanga baridi hiyo iko wapi? Sisi tuna kusi na kaskazi. Anayepumzisha chombo hapa anapumzisha kusi ikichachamaa, yaani Juni na Julai, wakati mwenzake wa Uingereza ndiyo kwanza anatweka. Ukisaini kalenda ya watu, unaweza kuwa majini kihalali Agosti na kinyume cha hati mwezi Januari.

Tuendelee. Mashine ya nyuma ikichomoka na kudumbukia, hailipwi. Tanga likipasuliwa na upepo, halilipwi, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Boti yenye uwezo wa kuzidi fundo 17, karibu kilomita 31 kwa saa, ina masharti yake ya ziada, na mojawapo linasema hivi kwa maneno yangu: ikizama, ikijaa maji au ikikatika nanga ikiwa imeachwa bila mtu mbele ya ufuko ulio wazi, usidai. Nenda Kigombe, nenda Pangani, nenda Msasani, utazame boti zinavyolala.

Ila kubwa kuliko yote ni mstari mmoja mfupi: boti itatumika kwa starehe binafsi ya mwenyewe tu, haitakodishwa wala kubeba watu kwa malipo bila makubaliano maalumu. Hiyo ndiyo Juno yetu. Wale vijana wanne wamekwama na bei ya petroli, mtalii mmoja ufukoni anasema atalipia safari ya Maziwe, wanampeleka, anarudi salama, kila mtu anafurahi. Miezi mitatu baadaye boti inaungua ikiwa imeegeshwa, siku ambayo hakuna abiria wala malipo. Kwa kanuni ya 1906 ahadi ilishavunjika siku ile ya mtalii. Na picha ya mtalii, tabasamu sikio hadi sikio, iko Facebook.

Maharamia je? Masharti yale ya 1985 yanawataja: uharamia ni miongoni mwa hatari zinazolipiwa, na si kila hati ya leo imeuacha mstari huo. Oktoba 2009 wanandoa Waingereza, Paul na Rachel Chandler, waliondoka Shelisheli kuja Tanzania kwa boti yao ya tanga, Lynn Rival. Maharamia wa Somalia wakawateka. Boti waliiacha, meli ya Waingereza ikaiokota na ikarudishwa kwao. Waliotakiwa ni watu, nao wakashikiliwa zaidi ya mwaka mmoja hadi Novemba 2010, baada ya fidia kulipwa. Hati inayolinda boti hutazama mbao, faiba na mashine. Binadamu waliomo huhitaji hati nyingine.

Mhariri wangu angekata makala hii hapa na kuniambia aya nne zinatosha. Lakini bado kuna mtu wa tatu. Tangu MV Bukoba, mwaka 1996, na MV Spice Islander, mwaka 2011, tumezungumza sana juu ya abiria. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 ikaingiza vyombo vya majini na vivuko kwenye orodha ya bima za lazima. Ni hatua nzuri. Mimi jicho langu liko kwa yule mvuvi wa Kigombe anayerudi usiku bila taa, ngalawa yake ikapasuliwa na boti ya faiba inayokimbia kutoka Maziwe. Kipengele cha kulipa hasara za watu wengine kinaweza kumsaidia, ila hulipa pale tu mwenye boti anapobainika kuwajibika kisheria, na pale tu bima yenyewe ingali hai. Kama ilikufa siku ya yule mtalii, mvuvi anabaki kumdai mwenye boti mfukoni mwake.

Na akidai, ataulizwa thamani ya ngalawa. Gogo la mwembe, siku za fundi na vijana wake, tanga lililoshonwa kwa mkono, nyavu zilizokuwemo. Risiti hana hata moja.